Sukari ya Mti Mweupe

Lempi Ruona ni mwoga. Nalisema mapema, kwa sababu watu wa barabara yetu hawatalikubali. Kwao Lempi ni yule mama aliyeendesha basi la shule miaka na miaka katika theluji ya huku juu, kilima kwa mteremko, bila kuingiza hata tairi moja mtaroni. Lakini mimi nimeishi ng'ambo ya barabara kutoka kwake muda wa kutosha kujua jinsi alivyoifanya kazi ile. Aliifanya kwa hofu. Kila alipomaliza safari alizima injini, akatembea kati ya viti mpaka nyuma, akainama na kupapasa chini ya kila kiti kwa mkono, kwa kuwa macho yake hakuyaamini. Akifika mwisho alirudi akaanza upya. Alistaafu bila kumsahau mtoto yeyote ndani ya basi, na hata baada ya kustaafu nimemwona amesimama uani mwake asubuhi, anachungulia gari lake tupu, kana kwamba kuna mtu aliyelala kwenye kiti cha nyuma.

Mumewe, Waino, aliugua ugonjwa wa sukari. Ulianzia kwenye vidole vya mguu, ukapanda. Lempi ndiye aliyemchoma sindano, ndiye aliyempimia chakula kijiko kwa kijiko, na nyumba yao ikawa nyumba ambayo sukari haivuki kizingiti. Badala yake palikuwa na sukari ya mti mweupe. Huku kwetu, pembe hii ya kaskazini ya Michigan, wengi ni wajukuu wa Wafini waliokuja kuchimba shaba, na sukari hiyo wanaiamini kama wanavyouamini mvuke wa sauna. Inatokana na mti ule wenye gome jeupe. Haiozeshi meno, haimpandishii mgonjwa sukari. Binamu za Lempi walimletea kutoka nchi ya babu zake, mfuko juu ya mfuko, naye aliitia kwenye kahawa, kwenye maandazi, kwenye siagi ya karanga aliyosaga mwenyewe. Waino aliipenda siagi ile. Alikufa akiwa na mguu mmoja, lakini meno yake yote yalikuwa kinywani, na Lempi aliwaambia waombolezaji jambo hilo kwenye mazishi, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo.

Ndiyo maana Delmar Trudgen alimwendea yeye.

Delmar ni seremala mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkewe Ione alipofariki alimwachia mbwa, Clem, mdogo wa umbo, masikio marefu, uso uliokwisha kuwa mweupe wote. Clem alikuwa mzee kiasi kwamba watu walishaacha kuuliza umri wake. Macho yalifunikwa na mtoto wa jicho, moyo ulikuwa mkubwa kupita kifua, na juu ya hayo alikuwa na sukari. Delmar alimchoma sindano asubuhi na jioni, kwa mikono yake ya seremala. Halafu moyo wake mwenyewe ukaanza kumsumbua, na madaktari wakamwambia lazima apasuliwe, abadilishiwe kilango kimoja cha moyo, huko mjini mbali, kusini mwa daraja kuu linalotuunganisha na jimbo lote.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumchukua nimpeleke uwanja wa ndege. Niliwakuta jikoni, Lempi amesimama na koti lake, Delmar anazunguka akionyesha kwa kidole hiki na kile.

"Usisogeze viti," alisema. "Hata ukifagia. Nyumba anaijua kwa viti."

"Nimesikia."

"Na kabla hujamgusa, sema kitu. Ukimgusa kimyakimya anashtuka, na akishtuka moyo unamkimbia."

"Niseme nini?"

"Chochote. Msomee bei ya viazi, hajali."

"Na redio hii? Inaimba mchana kutwa?"

"Redio isizimwe. Pakiwa kimya anadhani ameachwa."

"Ni watu wanauza matrekta, Delmar."

"Anawapenda."

"Basi masikio yake mabaya kuliko macho."

Delmar hakucheka. Alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa jokofu, imeandikwa kwa penseli nene ya useremala, herufi kubwa zilizochimba karatasi. Akaisoma kwa sauti, ingawa Lempi alikuwa amesimama mbele yake na miwani machoni. Asipokula, hakuna sindano. Akila nusu, sindano nusu. Kidonge cha moyo asubuhi na jioni, ndani ya siagi ya karanga, la sivyo atakitema nyuma ya kochi ukadhani amemeza. Akianza kupepesuka, sukari imeshuka: shira ya mahindi iko kabatini juu ya jiko, mpake kwenye fizi kwa kidole, usimmiminie kooni, atapaliwa. Namba ya daktari wa wanyama hii hapa.

"Waino nilimchoma miaka kumi na moja," Lempi alisema. "Sijamkosea hata siku moja."

"Najua. Ndiyo maana sikumwita binti yangu."

Kisha akakaa kwenye kiti kimojawapo, taratibu, mkono kifuani. Clem alimsikia akikaa, akaja, akipita kati ya viti bila kugusa hata mguu mmoja, akaegemeza kidevu kwenye kiatu chake.

"Kuna jambo moja sikuliandika," Delmar alisema. "Likitokea la kutokea nikiwa huko, usinipigie simu. Wala wewe," akanitazama. "Daktari amesema nisishtuliwe. Ngojeni nirudi. Nikishakaa, ndipo mniambie."

"Halitatokea," Lempi alisema.

"Sijasema litatokea."

"Basi usiseme."

Njiani kwenda uwanja wa ndege tuliacha msitu na ziwa likafunguka mkono wa kushoto, kijivu, limeanza kuganda kando. Delmar alisema, "Yule mbwa ananusa mto wa kulalia wa Ione bado. Kila asubuhi. Sijui kama kuna harufu yoyote iliyobaki." Nilitazama barabara.

Lempi alihamia kwa Delmar na begi dogo. Hakulala kitandani, alilala kwenye kochi, mkono mmoja umening'inia chini, vidole juu ya mbavu za mbwa, apate kuzihisi zikipanda na kushuka. Asubuhi alikuja kwangu kuchukua barua za Delmar, macho mekundu. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Anapumua," alisema. "Halafu anaacha. Nahesabu. Halafu anapumua tena. Huyu mbwa atanizika."

"Waino je, hukuwa unaogopa hivi?"

"Waino alikuwa na mdomo. Akijisikia vibaya ananitukana, najua hali ni mbaya. Huyu ananitazama tu, na hata kutazama kwenyewe haoni."

Tulicheka. Lakini niliona mikono yake. Aliishika ile bahasha kama mtu aliyepewa kitu cha kioo.

Hapo ndipo aliponieleza habari ya chupa. Alikuwa ameigeuza chupa ya siagi ya karanga ya Delmar akasoma nyuma, kwa mazoea ya nyumba yake, na akakuta sukari imeandikwa ya pili kutoka juu. "Mtu mzima na akili zake," alisema, akitikisa kichwa. "Anamtibu mbwa sukari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamlisha sukari. Wanaume, wallahi. Ndiyo maana mnyama hapati nafuu." Alikuwa akielekea nyumbani kwake kuchukua chupa yake mwenyewe, ile ya kusaga. Alionekana amepata nafuu kidogo ya hofu, kwa kuwa sasa palikuwa na kitu ambacho yeye anakijua kuliko karatasi.

Jioni ile alimpa Clem kidonge ndani ya siagi yake. Kijiko kidogo. Clem alilamba kijiko, akalamba kidole, akalamba sakafu.

Alfajiri upepo ukageuka ukatoka ziwani. Wanaoishi huku wanajua maana yake: theluji haidondoki, inakuja kwa ubavu, nyeupe juu ya nyeupe, na nyumba ya jirani inafutika kama chaki. Ndiyo asubuhi ambayo Delmar alikuwa amepangiwa kupasuliwa. Nilikuwa nakoroga uji simu ilipolia.

"Njoo," Lempi alisema. Nyuma yake nilisikia mtu wa redio akitaja bei ya majembe ya theluji. "Njoo sasa hivi."

Nilifuata barabara nikishika ua wa mbao kwa mkono. Jikoni kwa Delmar palikuwa na joto, taa zote zimewaka. Clem alikuwa katikati ya sakafu, miguu imetanuka, kichwa kinaning'inia. Alipiga hatua moja, akajigonga kwenye kiti. Akarudi nyuma, akajigonga kwenye kingine. Viti vilikuwa mahali pake. Ni yeye aliyekuwa amepotea.

"Alikula," Lempi alisema. Alikuwa amepiga magoti na chupa ya shira mkononi, vidole vinanata. "Alikula chote. Nikamchoma. Kipimo chake, nimekitazama mara tatu kwenye mwanga. Halafu akaanza hivi. Nikampaka shira, akainuka, akatingisha mkia, nikamshukuru Mungu. Haikupita muda akaanguka tena. Nimempaka tena. Ameanguka tena. Haikai. Sukari haikai, mwanangu. Inaingia na kupotea."

"Labda ni sindano."

"Si sindano," alisema. Halafu kwa sauti ya chini: "Sijui. Nitazamie wewe. Mimi siamini tena macho yangu."

Nililitazama bomba la sindano lililotumika, na chupa ya insulini, na karatasi. Kila kitu kililingana. Hilo ndilo lililonitisha. Kosa ukiliona unaweza kulishika. Hapa palikuwa na mbwa anayezama kwenye sakafu kavu, na hakuna aliyejua maji yanatoka wapi.

Lempi alimpigia daktari wa wanyama, Daktari Bouchard, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa ili mikono ibaki huru. Daktari aliuliza kwa utulivu: uzito, kipimo, amekula saa ngapi. Lempi alijibu yote bila kusita.

"Na kingine?" Daktari aliuliza. "Mama Ruona, nitajie kila kilichoingia kinywani mwake tangu jana. Hata chembe."

"Chakula chake. Maji. Vidonge vyake ndani ya siagi ya karanga."

"Siagi ipi?"

"Yangu. Nasaga mwenyewe." Nikasikia fahari ndogo ikipanda katika sauti yake, hata pale, hata akiwa amepiga magoti. "Haina sukari hata kidogo. Asubuhi nimempa vijiko viwili, aliipenda."

Redio ikaendelea na majembe yake.

"Ina utamu?" Daktari aliuliza.

"Ina utamu, ndiyo, lakini si sukari. Ni sukari ya mti. Ile yetu. Mume wangu ameila miaka yote."

"Ya mti mweupe? Zailitoli?"

"Wengine wanaiita hivyo."

"Mama, nisikilize. Kwa mtu haina neno. Kwa mbwa ni sumu. Mwili wa mbwa ukiionja unadhani ni sukari halisi, unatoa kwa mara moja insulini yote uliyobaki nayo. Na wewe juu yake umemchoma nyingine. Endelea na shira, kila dakika chache, usiache. Na mleteni. Anahitaji dripu, na lazima niliangalie ini. Mleteni sasa."

"Barabara imefungwa," nilisema.

"Najua," Daktari alisema. "Mimi nimelala hapa hapa kliniki. Mleteni."

Lempi hakulia. Aliitazama chupa yake ya siagi iliyokuwa mezani, kifuniko chekundu, jina la Waino bado limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya gundi. Aliitazama kama unavyomtazama mtu wa nyumbani aliyekuja usiku na kisu. Midomo yake ilisogea. Nilidhani anasali, lakini alikuwa akisema, "Vijiko viwili. Vijiko viwili. Kwa mkono wangu."

Kisha akasimama, akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa gari lako."

"Mama, hujaendesha barabara hii kwenye theluji tangu ustaafu."

"Wewe shika mbwa. Mmoja aendeshe, mmoja amwangalie. Mimi siwezi kumwangalia."

Tulimfunga Clem kwenye blanketi. Nilimpakata kwenye kiti cha abiria, chupa ya shira kati ya magoti yangu. Lempi alirudi ndani mara moja. Nikadhani amesahau kitu. Alikuwa ameenda kuhakikisha redio inawaka. Nilimwambia kwamba mbwa hayumo ndani. Alisema, "Najua," akawasha gari.

Sijapata kuogopa njiani namna ile. Hapakuwa na barabara. Palikuwa na weupe mbele, weupe pembeni, na kelele ya upepo ukikwaruza bati. Lempi alisogeza uso karibu na kioo na kuendesha polepole sana, bila kukanyaga breki hata mara moja, akinong'ona. Kwanza sikuelewa anachonong'ona. Halafu nikasikia majina. "Kwa kina Saari. Sasa pinda kushoto. Msichana wa kina Aho, yule anayechelewa kila siku. Daraja dogo, polepole. Kwa kina Maki, wavulana watatu." Alikuwa akipita vituo vyake vya basi. Hakuona nyumba hata moja, nyumba hazikuwapo. Wale watoto wenyewe wana watoto sasa. Lakini kila jina lilipotoka mdomoni mwake kona ilikuja mahali pake chini ya magurudumu.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua."

"Mpake."

Nilimpaka. Fizi zilikuwa baridi, rangi imezitoka, na ulimi haukusogea kulamba. Kichwa cha Clem kilikuwa kizito mkononi mwangu kama kitu kilichokwisha kuwekwa chini. Halafu miguu ikaanza kwenda yenyewe, haraka haraka, kama anakimbia usingizini, na taya zikakaza.

"Ni nini?" Lempi aliuliza, bila kugeuka. "Nasikia kucha. Ni nini hicho?"

"Degedege."

Gari halikuyumba. "Kwa kina Lahti," alisema, sauti imekauka. "Kwa kina Lahti, kisha kilima." Halafu akamsemesha mbwa, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu enzi za basi, sauti ya kuwafanya watoto wakae vitini. "Clem. Keti. Keti vizuri, tunakaribia. Hakuna anayesimama mpaka nifungue mlango. Unanisikia? Hakuna anayeteremka hapa."

Nilimpaka shira ndani ya shavu, kidole changu kikipita pembeni mwa meno. Sikumbuki ni muda gani. Miguu ikaacha. Sikujua kama imeacha kwa uzuri au kwa ubaya, na Lempi hakuuliza tena. Nadhani ndicho kipande kibaya kuliko vyote, kile alichoendesha bila kuuliza.

Daktari Bouchard alikuwa mlangoni, koti juu ya nguo za kulalia. Alimchukua Clem kutoka mikononi mwangu akatoweka naye. Tulikaa kwenye benchi lenye manyoya ya mbwa wa watu wengine. Lempi aliinua vidole vyake, vimeshikana kwa shira, akavitazama.

"Saa hii wamempasua Delmar," alisema.

"Huenda wamemaliza."

"Amelala pale, kifua kimefunguliwa, na mimi namuua mbwa wa Ione."

"Hujamuua."

"Usinibembeleze. Mtu asiyejua angempa ile ya dukani, mbwa angekuwa anasinzia sasa. Mimi ndiye niliyejua."

Upepo ulipiga dirisha. Alipozungumza tena hakuwa akizungumza na mimi. "Mara zote nilidhani nitamsahau mtu ndani. Hivyo ndivyo nilivyodhani litakavyokuja."

Daktari alitoka akijifuta mikono. Sukari imepanda, alisema, kwa sababu ya dripu; akitoa dripu inashuka. Ini lingejulikana kesho, keshokutwa, labda baadaye. Mbwa mdogo angekuwa na nafasi nzuri. "Mzee huyu," alisema, hakumaliza.

"Nitakaa naye," Lempi alisema.

"Mama, hapa hakuna kitanda."

"Sikuomba kitanda."

Alikaa. Walimruhusu aweke kiti kando ya kizimba, akapitisha vidole kwenye nondo. Barabara ilipofunguliwa nilirudi nyumbani, nikawa naenda kila siku na chupa ya kahawa. Kila nilipofika nilimkuta mahali pale pale, akimsomea Clem gazeti la matangazo, bei za viazi, bei za nyama ya kusaga, kwa sauti isiyo na kituo, ili mbwa ajue kuwa kuna mtu. Ufizi ulikuwa na umanjano siku moja. Siku iliyofuata umanjano ulizidi, na Lempi aliacha kula. Kisha ukapungua. Daktari alisema amestaajabu. Lempi alimtaka arudie kupima. Akarudia. Lempi akamtaka arudie tena.

Delmar alipiga simu mara moja tu, kwangu, siku aliyoweza kusema. Sauti ilitoka mbali, nyembamba. Hakuuliza habari za mbwa. Aliuliza kama bomba la maji limeganda. Nikasema halijaganda. Tulibaki kimya, kila mtu upande wake, na nilijua kwamba anasikiliza kama kuna kitu ndani ya kimya changu. Nikamwambia theluji ni nyingi. Akasema, "Haya."

Siku aliyorudi Delmar, Clem alikuwa amesharejeshwa nyumbani, amekonda, sindano zimepunguzwa, anatembea kwa kugusa kila kiti kwa pua kabla ya kukipita. Lempi hakumngoja Delmar ndani. Alisimama njiani kwenye baridi, na nilipoegesha gari alifungua mlango wa upande wa Delmar na kusimama mbele yake akiushikilia, ili asiweze kushuka.

"Ulisema ukishakaa," alimwambia. "Umekaa."

Delmar aliweka mkono kifuani, mahali paliposhonwa. Rangi ilimtoka usoni.

"Yu hai," Lempi alisema upesi. "Yu hai, yumo ndani. Lakini nilimpa sumu." Akamweleza yote, chupa, sukari ya mti, vijiko viwili, degedege, kwa mfululizo, bila kujipunguzia. Mvuke ulitoka mdomoni mwake, ukatanda kati yao. "Siagi yako ilikuwa pale pale. Karatasi ilisema. Mimi nikajua zaidi."

Delmar aliangalia mbele, kwenye kioo. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Nilidhani anataka kuinuliwa. Lempi alielewa. Akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akamwekea kiganjani, akaondoka kwa miguu kuelekea kwake, katikati ya barabara, kwa kuwa kando palikuwa na theluji. Clem alikuwa amesikia gari; alibweka ndani mara moja, kwa sauti mbovu, kama mtu anayesafisha koo.

Majira yote ya baridi yaliyobaki hawakusemezana. Lempi alimwaga mifuko yote ya sukari ya mti nyuma ya nyumba, halafu akaogopa mbweha na mbwa wa watu, akaenda na koleo kuichimba theluji ile yote na kuitia kwenye mapipa. Nilimwona akifanya hivyo. Sikumwendea.

Aprili, barafu ilipoanza kupasuka ziwani, Delmar alitakiwa kurudi kwa madaktari wake. Nilikuwa jikoni kwa Lempi alipogonga. Hakuvua kofia. Alisimama kwenye zulia la mlangoni, amekonda, shati limelegea shingoni.

"Naondoka Jumatatu," alisema. "Siku chache."

"Safari njema," Lempi alisema. Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

"Clem anahitaji mtu."

"Ita binti yako."

"Binti yangu haogopi kitu," Delmar alisema. "Atazima redio. Atamchoma sindano huku anaongea na simu."

Lempi aliacha kusugua. Maji yaliendelea kutiririka. "Nimempa sumu yule mbwa, Delmar."

"Najua. Nami ndiye niliyekuachia karatasi ambayo haikuisema sukari ile. Ione angeisema. Yeye alijua vitu hivyo." Akakohoa, mkono kifuani. "Sikuja kuzungumza habari hiyo. Nimekuja kuuliza Jumatatu."

"Naogopa."

"Ndiyo."

"Sitalala."

"Ndiyo," alisema Delmar. "Nadhani ndipo mimi nitapata kulala kidogo huko."

Hakukaa. Aliweka ufunguo kwenye ukingo wa dirisha, akatoka, na tulimtazama akishuka ngazi moja moja akishikilia ukuta. Lempi alilifunga bomba. Hakuugusa ufunguo ule siku hiyo, wala kesho yake. Aliupitia kwa mbali, kama unavyolipitia jiko la moto. Jumatatu asubuhi niliona taa ya jikoni kwa Delmar, na kivuli cha Lempi dirishani, kimeinama na miwani na kioo cha kukuzia, kinasoma mgongo wa chupa, kisha mgongo wa kopo, kisha mgongo wa mfuko wa chakula cha mbwa, taratibu, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu kinaanza upya. Redio ilikuwa juu. Nilisikia mpaka barabarani mtu akisifu trekta.